Utafiti wa Sheria Umfikie Mwananchi
(Mazungumzo kwa wananchi wa Igunga, Mkoa wa Tabora)



Barabara kuu ipitayo hapa Igunga, itokayo Singida kwenda Nzega, ndiyo iendeleayo hadi Rusumo, mpakani mwa Rwanda. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara katika muda usiozidi siku mbili. Miongoni mwao walikuwamo waliokimbia kifo, na walikuwamo walioua. Mkoa wa Tabora nao ulikwisha kuwapokea wakimbizi wa Burundi wa mwaka 1972, wakapewa ardhi Ulyankulu. Kwa hiyo mwananchi wa mkoa huu hahitaji kufundishwa mkimbizi ni nani. Asichokijua ni yale yaliyofuata mahakamani, na kosa hilo si lake.

Tarehe 8 Novemba 1994 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliunda Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, ambayo baadaye makao yake yaliwekwa Arusha. Watu 93 walishtakiwa mbele yake kabla haijafungwa tarehe 31 Desemba 2015. Mmoja wa majaji wake alikuwa Mtanzania, Jaji William Sekule.

Wapo wanaodhani kwamba kazi ya mahakama hiyo ilikuwa kusikiliza mashahidi na kutoa adhabu tu. Hebu itazamwe kesi ya Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba. Mkataba wa mwaka 1948 unayalinda makundi ya aina nne: ya taifa, ya kabila, ya rangi na ya dini. Lakini Wahutu na Watutsi walisema lugha moja na kuishi kijiji kimoja. Je, Watutsi walikuwa kundi gani mbele ya sheria? Jibu halikupatikana kwa kubahatisha. Ilibidi kuchunguza vitambulisho vilivyoandikwa kabila la mtu, urithi wa utawala wa Wabelgiji. Ilibidi pia kumwita mtaalamu wa lugha aeleze neno “inyenzi”, yaani mende, lilimaanisha nini katika kinywa cha kiongozi mbele ya umati wenye mapanga. Kuhusu ubakaji, sheria ya kimataifa haikuwa na maana iliyokubaliwa. Majaji waliitunga wenyewe. Mashtaka hayo yaliongezwa mwaka 1997, baada ya wanawake kuyasema mahakamani waliyotendewa. Hukumu ya tarehe 2 Septemba 1998 ikawa ya kwanza ya mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa mauaji ya kimbari, na ikatamka kwamba ubakaji waweza kuwa sehemu yake.

Katika Unyamwezi na Usukuma jambo la neno kutangulia panga si geni. Vikongwe wameuawa kwa sababu macho yao ni mekundu, na wekundu huo umetokana na moshi wa kuni na samadi jikoni. Mtafiti mwaminifu atasema wazi kwamba hayo si mauaji ya kimbari. Ni mauaji, na sheria za nchi zatosha kuyahukumu. Lakini njia ya kuuliza ni ile ile. Nani alilitamka neno “mchawi” kwanza? Mbele ya nani? Nani aliyekuwa na mamlaka ya kuzuia akanyamaza? Maswali hayo yakiachwa, hufungwa kijana aliyekodishwa, na aliyemtuma hubaki akihudhuria mikutano ya kijiji.

Mbari ni ukoo. Neno “kimbari” basi ni jembamba kuliko Mkataba wenyewe, maana Mkataba unalinda hata kundi la dini. Msomaji wa Kiswahili pekee hawezi kulijua hilo, kwa kuwa lugha rasmi za Mahakama ile ya Arusha zilikuwa Kiingereza na Kifaransa. Mwaka 2021 Bunge lilibadili sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama nchini. Itakuwa ajabu hakimu wa Igunga aandike hukumu kwa Kiswahili, huku hukumu kubwa zilizotolewa katika ardhi ya Tanzania zikisomwa na wachache. Vyuo vikuu vinao wanasheria na wataalamu wa lugha. Waketi meza moja, waanze na hukumu ya Akayesu, na nakala zifike hadi mahakama za mwanzo.