Huyu Si Wangu

Somo: Mathayo 18:1–5



Sisi tuliokulia upande wa Njoro katika miaka ya 1960 hatujasahau gari la sinema. Lilifika jioni, kitambaa cheupe kikatundikwa, jenereta ikaanza kunguruma, nasi tukaketi nyasini tumejifunika blanketi kwa sababu ya baridi. Zilipokwisha picha za kutangaza sabuni na majani ya chai, watoto wote walipiga kelele, "Charlie! Charlie!" Naye Charlie Chaplin akatokea na kofia yake, fimbo yake na viatu vyake vikubwa, tukacheka mpaka machozi.

Juzi mjukuu wetu alituonyesha katika simu yake mojawapo ya picha zile za zamani. Inaitwa "The Kid", yaani Mtoto, nayo ilitolewa mwaka 1921. Tukaitazama pamoja. Tulicheka kama zamani, lakini mahali pamoja kicheko kilitukatika.

Habari yenyewe ni hii. Mama mmoja asiye na msaada anamwacha mtoto wake mchanga ndani ya gari la matajiri. Wezi wanaliiba gari lile, na wanapomwona mtoto wanamtupa uchochoroni. Charlie, fukara, anamwokota. Je, anafurahi? La! Anamlaza katika kigari cha mtoto wa mwanamke mwingine, mwanamke anamfukuza. Anataka kumrudisha alipomtoa. Kumbe polisi anamtazama. Anamwomba mzee mmoja amshikie kidogo, kisha anatimua mbio. Mzee naye anamtia katika kigari kile kile. Mwishowe Charlie ameketi kando ya barabara na mtoto mapajani. Anainua kifuniko cha mtaro wa maji machafu, anatazama chini.

Hapo mjukuu wetu akauliza, "Kwani hakuna hata mmoja anayemtaka?"

Wapendwa, swali hilo si la sinema tu. Mwezi wa Februari 2019 nchi nzima ilisikia habari ya watoto na vijana wa mitaani wa Nakuru, waliobebwa kwa gari usiku na kuachwa karibu na msitu wa Chemususu, huko Baringo. Tuliposikia tulikasirika, na ilikuwa haki kukasirika. Lakini mkono wetu sisi ni safi?

Miaka iliyopita mtoto mmoja wa kama miaka 9 alikuwa akilala barazani pa kanisa letu. Mzee wa kanisa alimpeleka kwa akina mama. Akina mama walisema hiyo ni kazi ya vijana. Vijana walimwelekeza kwa mchungaji. Mchungaji akasema jambo hilo liletwe kikaoni. Siku ya kikao mtoto hakuwapo tena, wala hatujui alikokwenda. Chai tulimpa, na shuka tulimpa. Lakini hakuna aliyesema, "Huyu ni wangu." Sisi hatukuhitaji gari la kumpeleka msituni, maneno yetu mazuri yalitosha kumfukuza.

Turudi kwa Charlie. Anakifunika kile kifuniko. Katika nguo za mtoto anakuta karatasi inayoomba mtoto huyu apendwe na kutunzwa. Anaisoma, anatabasamu, anamchukua nyumbani. Hana kitu, lakini anatundika birika na kuuvika mdomo wake chuchu ya mpira, mtoto apate kunyonya maziwa. Aliyeitengeneza picha hiyo alikuwa Chaplin mwenyewe, naye aliyajua mambo hayo. Akiwa na umri wa miaka 7, huko London, aliingizwa katika nyumba ya maskini pamoja na mama yake na kaka yake.

Wanafunzi walipobishana juu ya ukubwa, Yesu hakuwapa hotuba ndefu. Alimwita mtoto, akamsimamisha katikati yao, akawaambia kwamba ampokeaye mtoto wa namna hiyo kwa jina lake, ampokea yeye. Basi karatasi yetu tunayo. Tumeisoma mara nyingi, na pengine tumeikunja tukairudisha mfukoni.

Hatusemi kila mtu ajichukulie mtoto barabarani bila kufuata sheria. Chifu yupo, na ofisi ya watoto ipo. Lakini kumwelekeza mtoto ofisini ni jambo moja, na kumsindikiza mpaka ujue amelala wapi ni jambo lingine. Juma hili, akija mmoja mlangoni pako, usimpeleke kwa mwingine kabla hujamwuliza jina lake.

Na tuombe. Ee Baba, ulitupokea tulipokuwa hatuna kwetu. Utusamehe wale tuliowapitisha kutoka mkono hadi mkono. Yule mtoto wa barazani, popote alipo leo, umlinde. Nasi utupe moyo wa kusema, "Huyu ni wangu." Kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.