Gari la Shule Yetu

*Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani, Lembeni*



Kamati iliponiandikia barua kunitaka nizungumze leo, ilinipa mada kwa maneno matatu tu: gari la shule. Nadhani nilichaguliwa kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba mimi ni afisa kilimo, na kwa miaka kumi na minane serikali imekuwa ikinilipa mshahara ili, pamoja na mengine, nikwame kwenye matope ya milima hii. Ya pili ni kwamba nimewahi kununua gari lisilofaa kwa fedha zangu mwenyewe, na baadhi yenu mnalijua gari lile. Nitalifikia.

Fedha tulizochanga ziko benki. Jana usiku, tulipokuwa tukila makande kule bwaloni, nilisikia mapendekezo matatu. Wako wanaotaka Prado, ili shule yetu nayo ionekane. Wako wanaotaka gari dogo la bei nafuu, na chenji ijenge choo. Na yuko Mwenyekiti wetu, ambaye hataki kusikia jina lolote isipokuwa Land Rover. Watu husema kwamba sisi Wapare huiuliza shilingi inakokwenda kabla hatujaiachia. Basi leo na tuiulize.

Naomba tuanze na barabara, gari litafuata. Mkuu wa Shule amenieleza safari zenyewe. Nyingi ni za Same, za Mwanga na za Moshi, na zote hizo ni lami tupu. Kwa safari hizo hata teksi ingetosha. Lakini zipo safari chache zisizokubali teksi. Mtoto wa bweni anaugua, anatibiwa, kisha daktari anasema akapumzike kwao, na kwao ni Chome, na mwezi ni Aprili. Timu ya mpira inaalikwa Gonja. Vijana wa jiografia wanataka kukiona kilele cha Shengena, ambacho ni kirefu kuliko vyote katika Upare, chenye mita zaidi ya 2,400, nao wamekichora kwenye daftari miaka yote bila ya kukikanyaga. Au wanataka kwenda Mkomazi, hifadhi ya taifa tangu mwaka 2008, ambayo lango lake la Zange liko kilomita chache tu kutoka Same mjini, na kuna watoto hapa wanaomaliza kidato cha nne bila ya kumwona twiga. Safari hizi chache ndizo zitakazoamua. Gari linaloweza milima litaiweza lami; kinyume chake nimekijaribu.

Mwaka 2014 nilinunua RAV4 iliyotumika Japani, ile ya umbo ambalo watu wetu wameliita Kilitime. Ilikuwa nyeupe, safi, yenye redio nzuri. Nilikuwa na shahada kutoka Sokoine, nikajiona msomi wa kutosha kununua gari bila ya kumwuliza fundi. Niliona gari limeinuka, lina umbo la kwenda porini, nikaamini kwamba magurudumu yote manne yanavuta. Aliyeniuzia hakusema kwamba yanavuta, wala hakusema kwamba hayavuti. Sikuuliza.

Kwetu ni Suji. Unaacha lami pale Makanya na kuanza kupanda. Usiku mmoja wa masika baba yangu aliteleza uani akavunjika nyonga. Nikapigiwa simu, nikatoka Same na gari langu jeupe. Mtu aliyevunjika nyonga hawezi kupakiwa kwenye pikipiki, kwa hiyo vijana wote wa bodaboda wa kijiji walikuwa wamesimama pale nyumbani bila ya msaada, wakinisubiri mimi. Sikufika. Katika kona ya tatu ya mwinuko magurudumu ya mbele yalianza kuzunguka bure na ya nyuma yakakaa kimya kama mawe. Nilikata majani nikatandika. Nikarudi nyuma nikajaribu tena. Mwishowe gari liliserereka likalala kwenye mfereji, nami nikapanda kwa miguu gizani na viatu vya ofisini.

Aliyemteremsha baba ni jirani mwenye Land Rover 109 ya kubebea mboga na watu kwenda gulioni. Namba hiyo 109 ni inchi zilizopo kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Gari lile lilikuwa na umri kunizidi, mlango mmoja ukifungwa kwa kamba ya katani. Tulimlaza mzee kwenye godoro nyuma, mimi nimemshikilia, na tukashuka kwa gia nzito, taratibu, dereva hakugusa breki ila mara mbili tatu. Tulipolipita gari langu mferejini, mzee, pamoja na maumivu yake yote, aliinua kichwa akauliza, "Ile ni ya nani?" Alfajiri tulikuwa hospitali. Aliishi miaka minne zaidi, akitembea na mkongojo, na kila nilipokwenda kumwamkia aliuliza kwanza habari za watoto, kisha habari za "lile gari la mapambo".

Sasa vijana wa fizikia mnisikilize. Ekseli inayovuta ina difu katikati. Kazi ya difu ni kuruhusu gurudumu la nje lizunguke haraka kuliko la ndani mnapokata kona. Lakini difu ya kawaida hugawa nguvu sawa kwa sawa. Gurudumu moja likikanyaga utelezi, nguvu linayoweza kuishika ni ndogo, na mwenzake, hata akiwa juu ya jiwe kavu, atapata hiyo hiyo ndogo. Ndiyo maana unaona tairi moja linarusha matope na jingine limetulia. Ukiwa na ekseli mbili zinazovuta, unayo nafasi ya pili. RAV4 za toleo lile, za miaka ya 2000 hadi 2005, zilitengenezwa za aina zote mbili, na kwa macho ya nje zinafanana. Anayetaka kujua ainame. Kama hakuna shafti inayokwenda nyuma, wala difu ya nyuma, basi amepata gari la mjini lililovaa buti. Kuinama huko kungenichukua nusu dakika.

Kuvuta kwa magurudumu manne peke yake hakutoshi. Linahitajika pia lile sanduku la pili lenye gia nzito, ambalo hupunguza mwendo karibu mara mbili au zaidi kulingana na gari, na nguvu ya kuvuta ikaongezeka kwa kiasi hicho hicho. Wengi hudhani gia hizi ni za kupandia. Mimi nasema thamani yake kubwa iko katika kushuka. Dereva anayeteremka kutoka Suji au Mbaga akikanyaga breki njia nzima huzipasha moto mpaka zinaacha kushika, na hapo chini pana korongo. Dereva aliyeweka gia nzito anaiachia injini kazi ya kulizuia gari. Prado inazo gia hizi, nakubali. Hayo magari madogo tunayoshawishiwa kuyanunua mengi hayana.

Lakini chombo bila ya ujuzi ni chuma tu, na hili nalisema dhidi yangu mwenyewe. Mwaka wangu wa pili kazini nilipewa gari la ofisi kupeleka mbegu za tangawizi Mamba Miamba. Tukazama matopeni. Nikaingiza mtaimbo wa magurudumu manne, nikakanyaga mafuta, wapi! Tulichimba kwa jembe karibu saa nzima. Akapita mama mmoja na mzigo wa majani kichwani, akasimama, akatazama, akasema, "Mwanangu, dereva wa lori la mumewe wangu huwa anashuka kwanza kuzungusha vile vya katikati ya magurudumu." Yaani zile loki za vitovu vya mbele, ambazo katika magari mengi ya zamani hufungwa kwa mkono. Nilikuwa nimesahau. Nikazungusha, gari likatoka. Naomba pia mkumbuke kuzifungua mkirudi kwenye lami, na kuutoa ule mtaimbo, kwa sababu kwenye barabara kavu ekseli mbili zilizofungwa pamoja hushindana kwenye kona, na zinachoharibu ni mali ya shule.

Nije kwenye ugomvi wa Mwenyekiti. Land Rover ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam mwezi Aprili 1948. Vita vilikuwa vimekwisha juzi tu, chuma cha pua na cha kawaida kilikuwa cha mgawo Uingereza, kwa hiyo bodi ikatengenezwa kwa aluminiamu. Ndiyo sababu bodi haishiki kutu, ingawa chesisi iliyo chini yake ni ya chuma na inashika sana, na wanunuzi wengi wamedanganywa na bodi. Wajapani walitoa gari lao mwaka 1951, likaitwa Toyota BJ, wakalipandisha Mlima Fuji hadi kituo cha sita kulijaribu. Jina la Land Cruiser lilikuja mwaka 1954. Lile tunaloliita mkonga, kwa ajili ya bomba lake la hewa linalopanda pembeni mwa kioo, ni la jamii ya 70 iliyotoka mwaka 1984. (Bomba hilo, vijana, ni la kuvuta hewa isiyo na vumbi na kuinusuru injini isinywe maji. Halijaligeuza gari kuwa mtumbwi.)

Mapenzi ya Land Rover nayaelewa. Mimi nina deni kwao. Oktoba 2024 mamia yao walikusanyika Arusha kwa tamasha, na mafundi wake wazuri bado wapo mji ule. Lakini ile ya asili iliacha kutengenezwa tarehe 29 Januari 2016, na Defender mpya iliyotoka mwaka 2019 ni gari jingine kabisa, lenye kompyuta kila mahali na bei ambayo hata tukiuza ng'ombe wa Upare wote tutabaki na deni. Hapa Same, mimi ninakofanya kazi, nikiuliza spea ya mkonga naipata siku ile ile au kesho yake kwa basi. Nikiuliza ya Land Rover naelekezwa Arusha. Mwenyekiti anisamehe.

Kuna jambo la injini, nalo ndilo lililoniamulia. Injini ya 1HZ iliyo katika mikonga mingi ni ya dizeli, silinda sita, lita 4.2, haina tabo, na pampu yake ya mafuta haina kompyuta. Ni nzito, ina kelele, haina haraka. Magari mapya ya dizeli yana nguvu zaidi na hunywa kidogo, lakini pampu na nozeli zake hazivumilii maji wala uchafu katika mafuta, na sisi mafuta mengine tunayatoa kwenye pipa. Nimewahi kutumia gari jipya la mradi, zuri sana. Taa moja ya manjano iliwaka tukiwa mlimani, gari likakataa kwenda zaidi ya mwendo wa punda. Likavutwa hadi mjini, likasubiri mashine ya kusoma kosa, kisha likasubiri kifaa, kisha likasubiri fedha. Nilipohama kituo kile lilikuwa bado liko juu ya mawe, na kuku wanataga ndani.

Kwa hiyo pendekezo langu ni mkonga ule mrefu, wenye mabenchi ya pembeni, uliotumika. Hautang'aa. Wakuu wa wilaya hawatatupisha njia. Utakunywa dizeli kuliko tunavyopenda, na safari ya Moshi itawachosha mgongo, kwani springi zake za nyuma ni vyuma bapa kama vya lori. Lakini utachukua timu pamoja na mipira yake, na ukilala Gonja kwa ubovu, fundi wa Gonja atajua pa kuanzia.

Naomba pia tusitumie fedha zote kununulia. Tubakize za matairi manne mazuri na la akiba, za kamba ya kuvutia, jeki ndefu na koleo, na za kumlipa dereva mmoja mzee atakayekaa na madereva wetu wiki mbili za masika, kwenye matope yenyewe. Hapo ndipo nahofia tutabishana, kwa sababu koleo halina mahali pa kuandika majina ya waliochanga.

Ndugu Mwenyekiti, gari la aina hii limeegeshwa nje chini ya mwarobaini. Ni la mwenzetu mmoja aliye tayari kuliuza. Bei hatujaitaja, na mimi sina fungu langu ndani yake. Sijasema kwamba ni zima. Chesisi sijaitazama, na difu ya nyuma naisikia ikilia kidogo. Nimemwomba fundi kutoka Same, naye ameahidi kufika saa tisa. Vijana wa fizikia nawaalika mlale chini yake pamoja naye na tochi, mkamweleze Mwenyekiti mlichokiona. Vaeni nguo za shamba.