Maji ya Bustani ya Nishat

Sifa zote njema zamstahikia Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na sahaba zake. Amma baad.

Ndugu zangu Waislamu, mcheni Mwenyezi Mungu katika neema alizokupeni. Na katika zilizo kubwa ni maji.

Huko Kashmir, katika mji wa Srinagar, ipo bustani iitwayo Nishat Bagh, yaani Bustani ya Furaha. Aliijenga Asif Khan mwaka 1633, naye alikuwa baba mkwe wa Shah Jahan, mfalme wa dola ya Wamoghuli. Nyuma yake ni milima ya Zabarwan, mbele yake ni ziwa Dal. Ardhi yake ilikatwa ngazi 12, kwa hesabu ya buruji za mbinguni, na mfereji wa katikati ukateremsha maji ngazi kwa ngazi kuelekea ziwani.

Husimuliwa kwamba mfalme alipoiona aliisifu mara tatu, akitaraji kutunukiwa. Asif Khan akanyamaza. Mfalme akaghadhibika, na kwa kuwa maji yalipitia kwanza bustani yake ya Shalimar, akaamuru yakatwe. Maua yakanyauka, mwenyewe akaketi chini ya mti kwa huzuni. Mtumishi wake hakustahimili, akaenda akayafungua. Asif Khan akaingiwa na hofu. Lakini mfalme alipopata habari alimsamehe mtumishi, akaruhusu maji yapite.

Ndugu zangu, mfalme hakuiumba chemchemi ile. Alichokuwa nacho ni kutangulia tu kwenye mfereji. Na wangapi miongoni mwetu tuliotangulia, wenye kisima au shamba la juu, humfungia jirani kwa chuki ya neno moja? Zubayr na mtu mmoja wa Ansari waligombania maji, na Mtume, rehema na amani zimfikie, akaamua kuwa Zubayr anyweshe mitende yake, kisha ayaachie yamfikie jirani. Aliye juu ana haki ya kuanza, hana haki ya kuzuia.

Basi aliyefunga leo na afungue kabla jua halijachwa. Shah Jahan amekwisha kufa, na Asif Khan amekwisha kufa. Kila mmoja ataulizwa juu ya alichokizuia.

Ewe Mola wetu, itakase mioyo yetu na husuda, utujaalie tuwe njia ya kheri kwa jirani zetu. Amin.