Pumba, Moto na Uyoga wa Mamama



Kila ninapokutana na mkulima wa uyoga huniuliza: niongeze pumba kiasi gani? Nitajibu, lakini nitapitia kwanza kwenye pipa la kuchemshia maranda.

Uyoga wa mamama huishi kwa kula mti. Nyuzi zake nyeupe huvunja lignini, ile sehemu ngumu inayowashinda viumbe wengi, ndiyo maana unastawi kwenye maranda, mabua ya mahindi na majani makavu ya mgomba. Humo kaboni imejaa tele. Kinachokosekana ni naitrojeni. Na njaa hiyo si ya mchezo. Mwaka 1984 watafiti Thorn na Barron walionyesha kwamba mamama hupooza minyoo midogo mno iliyomo kwenye magogo yanayooza, kisha huipenya na kuila. Wanaokula uyoga kwa kukwepa nyama watanisamehe.

Sasa tupige hesabu. Kilo 100 za maranda makavu zina naitrojeni ya gramu 100 hivi. Kilo 10 za pumba za mpunga, nasema pumba laini, si maganda, huleta gramu 200 nyingine. Mfuko wa kuoteshea umeongezeka uzito kidogo, naitrojeni imefika mara tatu. Mavuno yakipanda, si muujiza.

Tatizo ni kwamba ukungu wa kijani nao unazipenda pumba. Maji ya pipa yanayochemka huua vimelea vingi, lakini vipo vinavyobaki, na vingine huingia wakati wa kupanda mbegu, kwa mkono au kwa hewa. Kwenye maranda matupu vimelea hivyo hukosa cha kula, mamama ikavitangulia. Kwenye mfuko wenye pumba nyingi, vyenyewe ndivyo hutangulia. Tena mfuko ulioshiba hupata joto katikati kuliko chumba kilivyo. Kwa joto la Dar es Salaam au Tanga, hilo peke yake laweza kuziua nyuzi.

Kwa hiyo kiasi cha pumba kinaamuliwa na moto. Mwenye mtambo wa mvuke wa shinikizo, nyuzi joto 121, anaweza kufika asilimia 20 ya uzito mkavu. Mwenye pipa na kuni aanze na 5, asivuke 10.

Wala si lazima ziwe pumba. Katika jani la mkonge nyuzi za kuuzwa ni kama asilimia 4 tu, kinachobaki hutupwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wameotesha mamama kwenye masalia hayo yakichanganywa na samadi ya ng'ombe. Mimi ningeweka fedha ya utafiti huko kabla ya kuagiza virutubisho vya dukani.

Mkijaribu, tengeni mifuko isiyo na nyongeza kando ya yenye nyongeza. Pimeni uyoga mbichi dhidi ya uzito mkavu wa malighafi yote mliyojaza, pamoja na ya mifuko iliyooza mkaitupa.