Mihogo Kati ya Bikoni: Ardhi, Maji na Chakula katika Kata ya Zinga

Ukiacha barabara ya Bagamoyo pale Zinga ukashika njia ya Mlingotini, utakuta mihogo imestawi katikati ya bikoni za viwanja. Kiwanja kina mwenyewe, mara nyingi yuko Dar es Salaam. Mihogo ni ya mama jirani aliyeambiwa alime mpaka hapo mwenye eneo atakapojenga. Tangu mkataba wa awali wa bandari ya Bagamoyo, huko Mbegani, usainiwe mwaka 2013, kila habari ya bandari huleta wanunuzi wa viwanja. Kwa miaka mingi ujenzi haukuanza, ila ardhi imebadili mikono.

Mkulima huyu hayumo katika mipango yetu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi, nami naiheshimu sana. Lakini yeye hamiliki, ameazima. Na kwa desturi ya Pwani, aliyeazima shamba hupanda kunde, mahindi, mhogo. Akipanda mnazi au mkorosho, huonekana anadai ardhi. Ndiyo maana mashamba haya hayana miti, na udongo unachoka. Nani atabeba samadi kichwani kupeleka mahali ambapo mwakani huenda akafukuzwa? Mhogo wenyewe unataka miezi tisa hadi mwaka. Amri ya kuhama haingoji.

Kwenye maji ni vilevile. Mwishoni mwa 2022 mto Ruvu ulipopungua, uzalishaji wa maji ya Dar es Salaam ulishuka kutoka lita milioni 466 kwa siku hadi karibu 300, na wamwagiliaji wa juu ya mto wakaamriwa kusimama. Sheria ya rasilimali za maji, Na. 11 ya 2009, imeweka jumuiya za watumia maji ili mambo kama haya yazungumzwe mapema. Ila anayemwagilia mchicha kwa ndoo hana kibali, na asiye na kibali ni rahisi asiitwe kikaoni. Kisima chake kifupi kikiingia chumvi kwa sababu jirani anavuta maji kwa pampu usiku kucha, hajui pa kupeleka shauri.

Napendekeza kila ofisi ya serikali ya mtaa au kijiji iwe na daftari la watumiaji: nani analima wapi, kwa ruhusa ya nani, mpaka lini. Makubaliano yawe ya maandishi, ukurasa mmoja, mwenyekiti akishuhudia, na yaseme wazi kwamba mwenye eneo atangoja mavuno. Mabonde ya mpunga yatengwe kwenye ramani kabla mpima hajaanza kukata viwanja, kwa kuwa yakishajengwa hayarudi.

Tuanze daftari hilo na kina mama wanaolima mwani Mlingotini. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka baharini, lakini uzio wa viwanja unaweza kuwafungia njia za kufika ufukweni. Njia hizo na mahali pa kuanikia mwani viandikwe kwanza.