Mkono Upi? Jagi la Crocus na Wachoraji wa Burslem



Nimekuja na jagi, na naomba mniwie radhi kwa kuanza kulisoma kwa chini. Sisi tunaochunguza vyombo vya udongo tuna tabia hii isiyo na adabu: tukikaribishwa chai, kisahani hupinduliwa kabla kikombe hakijafika mdomoni. Kitako cha jagi hili kinatangaza kwamba limechorwa kwa mkono, kwamba ni Bizarre, yaani kioja, kwamba ni la Clarice Cliff, na kwamba limetoka kiwanda cha Newport, Uingereza. Sasa sogeeni mtazame. Maneno yanayodai "kwa mkono" hayakuandikwa kwa mkono. Yamepigwa chapa, na sahihi ya bibi mwenyewe pia ni chapa. Basi nauliza: mkono upi?

Clarice Cliff alizaliwa mwaka 1899 Tunstall, mmoja wa miji sita ya ufinyanzi iliyounganishwa mwaka 1910 kuwa Stoke-on-Trent. Huko udongo ulikuwa riziki ya mtaa mzima, na moshi wa matanuri yenye umbo la chupa ndio uliokuwa hewa. Alipokuwa na umri wa miaka 13 aliingia kiwandani kama mwanagenzi. Mwaka 1916 akahamia kiwanda cha A. J. Wilkinson, Burslem. Desturi ya wasichana wa huko ilikuwa kushika ufundi mmoja na kukaa nao, kwa kuwa aliyeuzoeza mkono wake kwa kazi moja ndiye aliyefanya nyingi kwa siku na kupata ujira wa maana. Yeye alirukaruka. Alipaka dhahabu, akachora mistari ya nje, akajaza rangi, akazungusha pete, akafinyanga sanamu, akatunza hata madaftari ya nakshi. Kwa hesabu ya fedha ulikuwa upuuzi. Bila upuuzi huo tusingekuwa na jagi hili.

Mwaka 1920 Wilkinson walikinunua kiwanda jirani cha Newport, na pamoja nacho shehena ya vyombo vyeupe vya maumbo ya zamani, vingi vikiwa na kasoro: hapa kidoa, pale glezi, ule utando wa kioo unaofunika udongo, imekusanya vipele. Nani angevinunua? Mwaka 1927 Colley Shorter, mmoja wa wenye kiwanda, alimpa Cliff chumba cha kazi, naye akavifunika vyombo vile kwa pembetatu za rangi nzito zinazopiga kelele. Msaidizi wake wa kwanza alikuwa msichana aitwaye Gladys Scarlett. Watu wa mauzo walisitasita, vyombo vikaisha. (Kuhusu Shorter na Cliff yamesemwa mengi. Alikuwa na mke, mke akafariki, wakaoana mwaka 1940. Mimi nitaishia hapo.)

Nakshi ya jagi hili inaitwa Crocus, na ni ya mwaka 1928. Crocus ni ua dogo linalotokeza ardhini Ulaya baridi ikianza kulegea. Jagi lenyewe ni umbo la Lotus, refu kama sentimita 30, lenye matuta membamba yanayolizunguka tumbo. Pitisheni kidole juu ya petali. Mnaziona njia za nywele za brashi? Rangi ilikuwa unga uliokorogwa kwa mafuta na tapentaini, ikapakwa juu ya glezi iliyokwisha kuchomwa, kisha chombo kikarudishwa tanurini kwa moto wa chini zaidi. Kila petali ni mpigo mmoja: chungwa, buluu, zambarau. Mpigo mmoja tu, kwa sababu ukirudia unachafua. Juu pakazungushwa pete ya manjano, ndiyo jua. Chini pete ya kahawia, ndiyo ardhi.

Mchoraji wa kwanza wa Crocus alikuwa Ethel Barrow, naye akawafundisha wengine. Maombi yalipozidi, kazi iligawanywa mezani: huyu petali, yule majani, mwingine pete. Biashara ilipopamba moto wachoraji walifikia kama 70, karibu wote wasichana waliotoka shule juzijuzi. Kwa hiyo jagi moja la "mkono" lilipita mikono mitatu, minne, na hakuna hata mmoja uliotajwa kitakoni. Wahenga walisema mfinyanzi hulia gae. Hawa hata gae lenye majina yao hawakupata.

Wapo wanaohitimisha hapo kwamba Cliff aliwaibia. Wapo pia wakusanyaji wanaozungumza kana kwamba alichora kila chombo peke yake usiku wa manane. Makundi yote mawili yananichosha. Mwanamke huyu alizijua kazi zote za benchi kwa sababu alizifanya zote, na alibuni nakshi zinazoweza kuchorwa na msichana wa miaka 15 bila kupoteza uhai. Tena hakuzificha alama za brashi. Viwanda vingi vya wakati ule vilijivunia uso laini usioonyesha kwamba mtu aliugusa. Alichofanya Cliff nakiita ufundi. Lakini jina moja kitakoni lilikuwa uamuzi wa soko, na soko halina nafasi ya majina 70.

Yaliyofuata ni mafupi. Vita vilikuja, na mwaka 1942 serikali ya Uingereza ikakataza vyombo vya nakshi kuuzwa nchini. Wananchi wakabaki na vyeupe vitupu. Amani iliporudi, rangi zile hazikurudi kwa nguvu yake. Shorter alifariki mwaka 1963, kiwanda kikauzwa kwa kampuni ya Midwinter mwaka uliofuata. Maonyesho ya kwanza ya kazi za Cliff yalifanyika Brighton miezi michache kabla hajafa, Oktoba 1972. Alitoa maelezo kwa ajili ya kitabu cha maonyesho lakini ufunguzi hakuhudhuria. Mwaka 2004 sahani yake moja ya ukutani iliuzwa mnadani London kwa karibu pauni 40,000.

Turudi kwenye jagi: nimebakiza majani. Yatazameni: ni nyuzi za kijani, nene pale zinapoanzia na nyembamba mwishoni, na wembamba wote unaelekea juu, kati ya maua. Hapa jagi lilipinduliwa. Mchoraji aliligeuza kichwa chini, akavuta kila jani kwa kulishusha kuelekea kwake, brashi ikiinuka kidogo kidogo. Nitaligeuza sasa, hivi. Kwa muda wote wa majani, yule msichana alichora huku kitako kikimtazama.