Mikoa 26, mifuko mitupu

Mwaka 2015 Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilitoka mikoa 11 ikawa 26, kama katiba ya 2006 ilivyoagiza. Mkoa wa Katanga ulikatwa vipande vinne: Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika. Mtu wa Kalemie, mjini Tanganyika, aliyezoea kufuata kila uamuzi Lubumbashi, makao makuu ya Katanga, mamia ya kilomita kutoka nyumbani, akapata gavana wake, bunge lake la mkoa na maseneta wake wanne. Hilo si dogo.

Lakini mpaka ulikata ramani na hazina pia. Shaba na kobalti zilibaki Lualaba na Haut-Katanga. Tanganyika na Haut-Lomami zikabaki na ofisi za kujenga na mishahara ya kutafuta. Katiba ililiona hilo mapema: iliagiza asilimia 40 ya mapato ya taifa ibaki mikoani, na asilimia 10 iingie mfuko wa kusawazisha maendeleo. Magavana wamelalamika miaka nenda rudi kwamba Kinshasa haitoi fungu hilo la asilimia 40 kikamilifu.

Kwa hiyo, msikilizaji, ukisikia serikali yoyote ikitangaza mikoa mipya, usiulize kwanza makao makuu yatakuwa wapi. Uliza bajeti yake inatoka wapi.